Skrubu na Plagi za Kuta za Jipsamu: Zipi Ununue Mombasa, Zipi Uziache Dukani

Mombasa ni mji wa kuta nzito. Mafundi wengi walijifunza kazi kwenye mawe ya matumbawe na tofali za saruji, na huko njia ya kutundika kitu chochote ni ile ile: toboa, tia roplagi (ile plagi ya plastiki inayotanuka ndani ya tundu), kaza skrubu. Siku hizi ofisi, maduka na nyumba za ghorofa za Nyali, Bamburi na kwingineko zinagawanywa vyumba kwa bodi za jipsamu, na silingi za jipsamu zimeingia hata katika nyumba za kawaida, lakini mazoea ya ukuta wa mawe bado yanaendelea. Ndiyo maana utakuta fimbo ya pazia imechomoka na kuacha tundu pana na unga mweupe sakafuni, ilhali aliyeifunga anaapa kwamba alikaza vizuri. Huenda alikaza kweli, ila alinunua kitu kisichohusiana na ukuta ule.

Mwongozo huu unazipanga aina za skrubu na plagi kuanzia ile inayostahili fedha zako hadi ile isiyostahili hata kufungashwa. Vigezo vyangu ni viwili, na bei si kimojawapo: kitu hicho kinashika nini nyuma ya bodi, na chuma chake kitadumu muda gani katika hewa yetu ya chumvi.

Ni vyema kwanza kuifahamu bodi yenyewe. Zile zinazopatikana kwa wingi huitwa za milimita 9 na za milimita 12, nazo kwa vipimo kamili huwa 9.5 na 12.5, na ukubwa wa kawaida ni mita 1.2 kwa mita 2.4. Ndani ni jipsamu iliyogandishwa katikati ya karatasi mbili ngumu, na karatasi hizo ndizo zinazoipa bodi sehemu kubwa ya uimara wake. Roplagi ya kawaida hufanya kazi kwa kutanuka na kusukuma pande za tundu. Jiwe huibana, jipsamu husagika. Kwa hiyo kila kifaa kinachofaa kwa ukuta huu lazima kifanye moja kati ya mambo mawili: kipenye hadi kwenye fremu inayoishikilia bodi, au kifunguke nyuma ya bodi na kuusambaza uzito juu ya eneo pana la karatasi ya nyuma.

Nafasi ya kwanza, bila mshindani, ni skrubu ya kawaida ya mbao inayoingia kwenye ubao au plaiwudi iliyowekwa nyuma ya bodi. Ikiwa ukuta bado unajengwa, mwambie fundi aweke kipande cha plaiwudi ya milimita 18 baina ya nguzo za fremu, mahali patakapokaa televisheni, makabati ya jikoni au sinki ya kunawia, kabla hajafunga bodi. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kazi nzima, na hapo hutahitaji plagi ya aina yoyote. Kwa urefu wa skrubu, jumlisha unene wa kile unachofunga na unene wa bodi, kisha ongeza angalau milimita 25 zinazozama ndani ya ubao. Kwa vitu vizito ongeza zaidi, na uchague skrubu nene ya milimita 5.

Ukuta ukiwa umekwisha kujengwa, fremu bado ipo, na kuitafuta hakuhitaji mashine. Chukua sumaku ndogo yenye nguvu, ile inayopatikana ndani ya spika iliyoharibika, uifunge kwa uzi na kuipitisha polepole juu ya rangi. Itanasa ghafla juu ya kichwa cha skrubu iliyofichwa chini ya fila, yaani ule uji mzito wa kuzibia matundu kabla ya rangi. Tia alama ya penseli, kisha shuka wima: ikinasa tena kama milimita 300 chini yake, umeupata mstari wa nguzo. Nguzo inayofuata kwa kawaida iko milimita 400 au 600 pembeni, ukipima kutoka katikati hadi katikati. Lakini usiidhanie nguzo ya chuma kuwa sawa na ubao. Nguzo nyingi za kuta hizi ni bati lenye unene wa nusu milimita hivi, na skrubu iliyoshika bati jembamba namna hiyo inatosha kwa rafu ndogo au fimbo ya pazia, wala haitoshi kwa kabati lililojaa vyombo.

Hapa inafaa kusema neno kuhusu zile skrubu nyeusi ambazo muuzaji hukupa mara tu ukitaja jipsamu. Zilitengenezwa kwa kazi moja, nayo ni kuifunga bodi kwenye fremu, na kazi hiyo zinaifanya vizuri sana. Zenye meno ya karibu karibu ni za fremu ya chuma na zenye meno ya mbali mbali ni za mbao. Urefu wa milimita 25 unatosha kwa bodi moja ya 12.5 kwenye chuma, na wa milimita 38 kwa bodi hiyo hiyo kwenye mbao. Kichwa chake kinapaswa kuzama kidogo tu bila kuichana karatasi. Ila si skrubu za kutundikia vitu. Chuma chake kimefanywa kigumu hadi kikawa chepesi kuvunjika, hivyo uzito wa kushuka unaweza kuikata shingo yake ghafla badala ya kuipinda. Tena ule weusi ni ngozi nyembamba ya fosfeti ambayo haiizuii kutu kwa muda mrefu katika mji kama huu. Madoa ya kahawia yanayojitokeza kwenye silingi nyeupe, yamepangika kwa mstari mmoja, mara nyingi ni vichwa vya skrubu hizo.

Suala la kutu ndilo linalomtofautisha mnunuzi wa Mombasa na wa bara. Pepo za kusi na kaskazi huleta unyevu wenye chumvi hadi ndani ya nyumba, na mvua za masika zinapofikia kilele mwezi wa Mei hata kabati lililofungwa huwa na harufu ya unyevu. Skrubu iliyopakwa zinki ya kung'aa inafaa kwa vyumba vya ndani vilivyo mbali na maji. Kwa bafu, jikoni, au chumba chenye dirisha linalotazama bahari, nunua chuma kisichoshika kutu, na kwenye boliti utazame alama iliyopigwa kichwani: A2 ni ya kawaida, A4 ndiyo inayostahimili chumvi zaidi. Muuzaji akikuhakikishia kwa maneno tu, toa ile sumaku yako palepale kaunta. Skrubu ya chuma cha kawaida kilichopakwa zinki itarukia sumaku. Isiyoshika kutu ya daraja hizo mbili haitavutwa, au itavutwa kidogo sana. Wauzaji waaminifu hawachukii jaribio hilo. Bafuni, hakikisha pia kwamba bodi yenyewe ni ile ya karatasi ya kijani iliyotengenezwa kuhimili unyevu, kwa sababu hakuna plagi itakayoshika bodi iliyolowa ikawa laini.

Nafasi ya pili naipa boliti yenye kipande cha chuma na kanda mbili za plastiki. Unatoboa tundu la milimita 13 hivi, unakipenyeza kipande cha chuma kwa ubavu, kikishafika nyuma kinalala bapa juu ya karatasi, unazivuta kanda, unasukuma kifuniko hadi kibane ukutani, kisha unazikata kanda hizo. Faida yake kubwa ni kwamba boliti inaweza kufunguliwa na kurudishwa mara nyingi bila kile chuma kuanguka ndani ya ukuta. Ni ghali kuliko nyingine na si kila duka linazo, basi piga simu kuuliza kabla ya kupanda matatu. Kwa televisheni kwenye ukuta usio na plaiwudi, nne za aina hii kwenye mabano ya kulala bapa ndizo ninazopendekeza. Mabano ya mkono unaovutwa mbele ni habari nyingine kabisa: televisheni ya kilo 15 ikivutwa nusu mita kutoka ukutani huzing'oa plagi za juu kwa nguvu inayozidi uzito wake mara kadhaa. Hayo yafungwe kwenye mbao tu.

Ya tatu ni plagi ya chuma inayojikunja, yenye mwili wa bomba lililochanwa mbavu na boliti katikati. Ukiikaza, mbavu hujikunja nyuma ya bodi zikawa kama miguu ya buibui. Ni imara, inapatikana kwa urahisi, na inafaa kwa rafu, kioo kikubwa au kabati dogo la bafu. Makosa mengi hutokea wakati wa kuinunua. Kila urefu umetengenezwa kwa unene fulani wa bodi, na ukinunua ya bodi moja kisha ukutani kukawa na bodi mbili zenye jumla ya milimita 25, mbavu zitabaki zimenasa ndani ya tundu bila kufunguka. Pima kwanza: toboa tundu dogo, ingiza waya uliopindwa ncha, uvute hadi unase nyuma, halafu utie alama. Ikiwa utafunga nyingi, nunua pia koleo yake maalumu. Ukiwa na chache, bisibisi yatosha, mradi uache kukaza mara tu unapohisi ugumu, la sivyo vijino vilivyo chini ya kola, ule ukingo wa plagi unaobaki juu ya bodi, vitaichana karatasi na plagi itazunguka bure.

Boliti ya mbawa za springi ningeiweka ya nne kwenye kuta, lakini kwenye silingi inapanda hadi ya pili. Tundu lake huwa pana kuliko boliti, kwa hiyo kitu kinachoning'inia ukutani huweza kuteleza chini kidogo. Kwenye silingi uzito huvuta moja kwa moja, na mbawa hulala vizuri. Kasoro yake ni kwamba ukiitoa boliti, mbawa huanguka na kupotea. Ndiyo ninayoipendekeza kwa kulabu ya chandarua panapokosekana fremu. Chandarua chenyewe ni chepesi, ila huvutwa kila usiku kinapochomekwa chini ya godoro, na watoto hukivuta zaidi.

Baada ya hapo tunashuka kwenye vitu vyepesi. Plagi ya kujichimbia yenye meno mapana huingizwa kwa bisibisi bila kutoboa kwanza, na wapangaji wengi huipenda kwa urahisi wake. Nunua ya chuma, uiache ya plastiki, na uikaze kwa mkono, maana drili ikizunguka kasi huisaga jipsamu. Mimi nisingetundika zaidi ya kilo 3 kwa plagi moja, wala nisingeitumia kwenye bodi ya milimita 9 au kwenye silingi. Chini yake kuna plagi za nailoni zinazojifunga fundo nyuma ya bodi, kizazi cha karibuni cha ile plagi ya nailoni iliyobuniwa na Mjerumani Artur Fischer mwaka 1958. Kwa saa ya ukutani na picha zinatosha. Roplagi ya kawaida iliyonyooka na msumari wa aina yoyote havina nafasi katika orodha hii.

Nambari za kilo zilizoandikwa kwenye pakiti zisomwe kwa tahadhari. Aghalabu ni uzito uliosababisha plagi kung'oka katika majaribio, kwenye bodi mpya na kavu, na kanuni inayotumiwa na wengi ni kuigawa nambari hiyo kwa nne. Kitu kinachotikisika kipunguziwe zaidi. Feni ya dari haitundikwi kwenye jipsamu kwa plagi yoyote ile, hata muuzaji akuambie nini. Kulabu yake ipite kwenye bodi na kufungwa kwenye zege au boriti iliyo juu. Ndivyo pia kwa kiyoyozi cha ukutani, ambacho kinahitaji plaiwudi nyuma yake.

Unapokwenda dukani, usiseme tu kwamba unataka skrubu za jipsamu, kwa maana utapewa zile nyeusi. Sema: "Kaka, ukuta ni bodi moja ya milimita 12, nyuma kuna uwazi wa sentimita 5, nataka kutundika kioo cha kilo 10 bafuni." Muuzaji mzoefu atajua pa kuelekeza mkono. Nunua mbili tatu za ziada, na biti ya drili ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kwa sababu tundu likizidi milimita moja au mbili, plagi nyingi hupoteza kazi yake. Kabla ya kutoboa zima swichi kuu ya stima, na uepuke mstari ulio wima au wa mlalo kutoka kwenye soketi na swichi, ambako nyaya hupitishwa.

Mpangaji mwenye amana mikononi mwa mwenye nyumba afikirie pia kutoka. Plagi ya kujichimbia hutolewa kwa bisibisi na tundu hujazwa fila. Plagi ya chuma inayojikunja haitoki salama: toa boliti yake, igonge kola kidogo hadi izame chini ya uso wa bodi, kisha uifunike kwa fila, uipige msasa na kuipaka rangi. Boliti ya kanda na ile ya mbawa huacha chuma ndani ya ukuta na tundu la milimita 13 au zaidi, ambalo linahitaji kipande cha utepe wa wavu chini ya fila ili lisipasuke tena.