Nimetuni Benzi Kompressor Arusha, laki sita na nusu yangu imeenda hivi

Wadau wa Benzi mliopo Moshi na Arusha, mmeniuliza sana inboksi kuhusu kutuni gari yangu (kubadilisha mipangilio ya injini iongeze nguvu), ngoja niandike mara moja yaishe. Gari ni C200 Kompressor W203 ya 2005, injini 1.8 yenye supachaja (pampu ya kusukumia injini hewa, ndo hiyo Kompressor), imetoka Japani na kistika chake cha Kijapani bado kipo kwenye mfuniko wa mafuta.

Kisa kilianzia hapa hapa Moshi. Kuna fundi, jina naliacha, alinambia ana faili la kutuni, analimwaga kwenye kontroo boksi, kompyuta ya injini, nusu saa tu na zile hosi pawa 163 za kiwandani zinakuwa 220. Laki tatu. Nikaingia kingi. Siku mbili raha tupu, ukigusa mafuta gari inaruka, siku ya tatu napandisha Kibosho nasikia kwenye injini kama mtu anatikisa kopo la misumari na taa ya cheki enjini hiyo ikawaka. Kumpigia, hapokei.

Ndo nikaelekezwa kwa huyu jamaa wa Njiro. Tuliahidiana saa tatu asubuhi, ameniangalia saa saba, na pale hakuna benchi wala kivuli, nilikaa ndani ya gari nikaiva. Nyota moja nimeikata hapo.

Ila akishaanza kazi unamsamehe. Alichomeka mashine ikasoma P0171, yaani hewa nyingi mafuta kidogo, laptopu hata hakuifungua, akaleta mashine ya moshi (watu wa Moshi msicheke) akapuliza kwenye njia ya hewa. Haikupita muda moshi ukaanza kufuka chini ya manifodi. Akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoka na kahosi ka briza, kale kampira ka kupumulia injini, kamepasuka kama kisigino cha kiangazi. Kumbe ni ugonjwa wa hizi injini, joto linaikausha ile mipira. Hewa ilikuwa inaingia kimya kimya bila kupita kwenye sensa ya kuipima, halafu yule wa kwanza akaja kusogeza mbele taimingi, yaani muda wa plagi kuchoma, kwenye injini ambayo tayari ina kiu, sasa isigonge kwa nini?

"Kaka, leo sikutuni," akanambia, "katafute hosi kwanza." Elfu hamsini ya ukaguzi, basi. Hosi nikaagiza Dar, ikanichukua wiki.

Niliporudi akanipa darasa ambalo ningelipata mapema ningeokoa laki tatu. Tabo nayo inasukumia injini hewa kama supachaja, ila inasukumwa na moshi wa egzosti, kwa hiyo fundi wa tabo anaweza kuongeza presha kwa laptopu tu. Supachaja inavutwa na mkanda kutoka kwenye kranki, shafti inayozungushwa na injini, presha yake imeamuliwa na ukubwa wa puli. Laptopu itagusa taimingi, mafuta na jinsi pedali inavyoitikia, ukitaka presha zaidi badilisha puli, na ukiweka ndogo supachaja inazunguka zaidi na hewa inatoka ya moto zaidi, hapo tena uwaze kuipoza. Halafu Arusha iko kama mita 1,400 juu, presha ya hewa imepungua kama asilimia 15 ukilinganisha na Dar, tabo inaweza kuzunguka zaidi ikafidia, supachaja inafuata mkanda wake tu. Kwa hiyo anayekuahidi 220 bila kugusa puli muulize hewa anaitoa wapi.

Yule wa Moshi hakuhifadhi faili la kiwandani, ikabidi huyu atafute linaloendana na namba ya boksi langu ndo atuni kuanzia hapo. Kabla ya kuliandika kwenye boksi alibana chaja kwenye betri akanikataza hata kufungua mlango, umeme ukishuka katikati boksi linaweza kufa. Nilisimama kama nimepigwa picha ya pasipoti. Baada ya hapo tukaingia barabarani, mimi naendesha yeye laptopu mapajani anarekodi, tunarudi anapunguza taimingi kidogo, tunatoka tena, raundi tatu.

Matokeo? Daino, mashine ya kupima nguvu ya gari, hana na hakujifanya anayo, alisema labda hosi pawa kumi na kitu. Mimi ninachojua ni kwamba pedali haina tena kale kausingizi, na Kikatiti nimepita lori la saruji mlimani bila kuomba dua, mbele kidogo trafiki wa tochi huyo, bahati nilishapunguza. Mafuta inakula vile vile. Na kusema ukweli kama nusu ya utamu wote huu naona umeletwa na kahosi, sio hiyo laki sita na nusu ya kutuni.

Alinambia nirudi baada ya kilomita elfu moja asome tena bure. Nimeenda Jumamosi, safari hii nilibeba kiti changu cha plastiki na mwavuli.