Unga wa muhogo wa paketi, nyota mbili na hizo kwa kumuonea huruma

Haya jamani, nimenunua unga wa muhogo kilo mbili hapa Chake, duka silitaji mana mwenyewe tunasalimiana msikitini. Paketi nzuri, unga mweupe pee, nikasema leo ugali wa muhogo na papa wa nazi kama kwa bibi. Wapi! Tonge la kwanza tu uchungu umekaa kooni, mtoto kautema palepale, mke wangu kasukuma sahani. Miye kwa ubahili wangu nikamaliza, haikupita saa kichwa kinagonga, kizunguzungu, nikatapika. Kipimo sina, ila uchungu ule naujua, ni muhogo mchungu usorowekwa.

Kwa wasojua, muhogo una kitu kinaitwa linamarini, ukiukwangua au ukiusaga kinakutana na kimeng'enya kilichomo humohumo kwenye muhogo inatoka sayanaidi, ndo sumu ileile mnayoisikia kwenye sinema. Na inavofanya kazi mwilini ni balaa, pumzi unavuta na damu inabeba oksijeni vizuri tu ila seli zinashindwa kuitumia, yani umeshatia tukuza, umeme wa kulipia kabla, umefika kwenye mita, ndani kiza. Ubongo na moyo ndo wa mwanzo kuumia. Ikiwa kidogo ni kichwa na matapishi, ikiwa nyingi degedege, kuzimia, hata kufa. Kasese kule Uganda mwaka 2017 watu 98 waliumwa kwa unga wa muhogo, wawili wakafa.

Na anaekula kidogokidogo kila siku bila kitoweo cha maana yuko hatarini na konzo, miguu inapooza na hairudi tena. Nampula, Msumbiji, 1981, ukame umekaza watu wakafupisha kuroweka, waliopooza walipita elfu moja. Mwili unaivunja sumu hii kwa salfa ya kwenye protini, kwa hiyo yule papa wangu pengine alinisaidia, sijui nimshukuru vipi.

Nikarudi dukani. "Sheikh, huu muhogo mliuroweka siku ngapi?" Kanambia, "Hatuuroweki, twaumenya twauanika juani basi, wateja wanataka mweupe." Si ndo hapo! Jua peke yake kwa muhogo mchungu halitoshi. Kiwango cha kimataifa ni miligramu 10 za sayanaidi kwa kilo ya unga, paketi yake imeandikwa "asilia" tu, ah asilia hata sumu ni asilia. Pesa hakurudisha, kanipa paketi ya chumvi.

Uliobaki nimeutia maji ukalowa, nikautandaza mwembamba kwenye sinia kwa muda wa saa mbili juani sumu iruke, nikaupika sikuile. Uchungu umepungua sana, lakini mke wangu hata kuonja kakataa.

Sasa tunachukua makopa kwa mama mmoja sokoni Wete. Rangi yake si ya kupendeza, yana harufu ya uchachu kidogo, na kabla sijauliza kaniambia, "Mwanangu, haya yamekaa majini siku tatu mpaka yakalainika, kula usiogope." Tunasaga wenyewe, ugali unavutika, uchungu hakuna. Yeye nyota tano, ila wahini mapema, saa nne makopa yashaisha.