Uzoefu wangu na Search Console: duka la leso lililofichwa na tiki moja

Nauza leso Biashara Street, Mombasa, na tangu mwaka jana nina tovuti. Kijana aliyenijengea alikula shilingi 15,000 zangu kwa ahadi ya kunifikisha ukurasa wa kwanza wa Google kwa wiki mbili. Miezi minne ikapita, hata ukitafuta jina la duka lenyewe hulioni. Nikimpigia: "Subiri kidogo mamangu, Google inachelewa." Kumbe Google wenyewe wanasema hakuna awezaye kumhakikishia mtu nafasi ya kwanza.

Binti wa dadangu ndiye aliyenifungulia Search Console. Ni chombo cha Google cha kukuonyesha tovuti yako inavyotokea watu wakitafuta, na ni bure. Kibarua ni kuthibitisha kwamba tovuti ni yako. Unabandika mstari wa herufi pale uliposajili jina la tovuti. Tulihangaika jioni nzima, chai ikapoa.

Kisha tukaingiza anwani ya ukurasa wetu kwenye kisanduku cha juu. Jibu likaja: umezuiwa na noindex, yaani agizo la kuikataza Google isiuorodheshe. Ndani ya WordPress, programu iliyojengewa tovuti yangu, kuna mahali pa kutia tiki ili injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Mafundi huitia wakati wa kujenga, wakimaliza huitoa. Wangu hakuitoa. Miezi minne nalipia duka ambalo mlango umekomewa kwa ndani! Tukaitoa, tukaomba ukurasa uorodheshwe, na siku ya tano nikajiona.

Utamu hasa ni ile orodha ya maneno wanayoandika watu hadi wakakutana nawe. Fundi alijaza "kanga" tovuti nzima. Wateja wangu wa Kisauni na Likoni hutafuta "leso za harusi", na wengine huandika jina la leso neno kwa neno, mimi nikitokea nafasi ya 38 huko, nani atafika? Majina yalikuwa kwenye picha tu, si kwa maandishi ya ukurasa. Nikakaa nikayaandika moja moja chini ya kila leso. "Kanga" nimeiacha pachache, kwa ajili ya wateja wa Dar. Sasa kwa "leso za harusi" niko nafasi ya 6.

Kasoro zipo. Kwenye simu grafu zake zabanana, takwimu hukaa miezi 16 tu, na inakwambia ugonjwa bila kukupa dawa.

Yule kijana nilimtumia picha ya ile tiki kwa WhatsApp. Nimepata tiki mbili za buluu, jibu hakuna.