Uzoefu wangu: siku mbili Götzis kwenye dekathloni na heptathloni

Wadau wa riadha habari zenu. Naandika hii mana naona Waswahili wengi tulioko huku Ulaya tukisema twende riadha tunamaanisha marathon au Diamond League (yale mashindano makubwa ya mzunguko) basi, kumbe kila mwaka mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni kuna mashindano pale Götzis, Austria, magharibi kabisa karibu na mpaka wa Uswisi, na mimi kwa hela niliyowahi kulipia michezo sijaona tiketi iliyonipa vitu vingi kuzidi ile.

Ni dekathloni kwa wanaume (mtu mmoja anafanya michezo kumi) na heptathloni kwa wanawake (michezo saba), kwa siku mbili, hakuna kingine. Yalianza 1975, yanaitwa Hypomeeting kwa sababu ya Hypo, benki inayodhamini, na hilo la kwamba hakuna kingine ndo lililonipeleka. Kwenye Olimpiki hawa watu unawaona vipande vipande, anaruka mara moja kamera imehamia fainali ya mita 100, mpaka uje kuambiwa nani kashinda hukuona alivyofika hapo. Götzis wao ndo wenye shughuli.

Niseme kwanza kwa nini inanigusa. Sekondari nilikua nakimbia mita 200, naruka chini (ule mruko wa umbali), narusha tufe, na mwalimu akikosa mtu wa kuruka juu ananiita mimi. Alafu ukifika wakati wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, naambiwa dada chagua, huwezi kufanya vyote. Nilikua nachagua na inaniuma kweli. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniambia kwamba duniani kuna mchezo ambao kufanya vyote ndo wenyewe, nimekuja kuujua nikiwa mtu mzima kwenye tivii ya watu.

Basi 2025, tarehe 31 Mei na 1 Juni, nikaenda na binti yangu wa miaka 13. Tunaishi Uswisi mashariki kwa hiyo ni treni tu, unabadili njiani, unashuka stesheni ya Götzis. Mji ni mdogo na uwanja wenyewe, unaitwa Mösle, ni mdogo vile vile, ukifika ukiwa na picha ya uwanja wa Mkapa kichwani utashangaa. Watu wengi wanakaa kwenye majani pembeni, milima iko hapo nyuma, na kutoka ulipokaa mpaka mwanariadha alipo ni hatua za kuhesabu.

Kwa ambao hawajui inavyoenda, wanaume siku ya kwanza ni mita 100, kuruka chini, tufe, kuruka juu na mita 400. Ya pili ni viunzi mita 110, kisahani, kuruka kwa upondo, mkuki, alafu wakiwa wamekwisha kabisa wanamalizia mita 1500. Wanawake wanaanza na viunzi mita 100, kuruka juu, tufe, mita 200, kesho yake kuruka chini, mkuki na mita 800. Kila matokeo yanageuzwa pointi kwa jedwali moja la dunia nzima, kwa hiyo mtu anaweza kuwa wa nne kwenye mbio na akashangilia kama kashinda kwa sababu kapata muda aliokua anautafuta, na mwingine anashika namba moja anatikisa kichwa. Mwanangu mwanzoni ilimchanganya, kufika mchana anapiga hesabu kwenye simu kuliko mimi.

Kitu ambacho sitakisahau ni tufe la wanawake. Tulikaa karibu kiasi kwamba unasikia mtu anavyovuta pumzi kabla ya kuzunguka, na tufe likitua unasikia ule mshindo mzito. Kuna dada mmoja alirusha mara mbili hairidhishi, akaja pembeni anafuta viganja kwenye taulo taratibu, kidole kimoja kimoja, chini ya taya shingoni ana alama nyeupe ya chaki pale tufe linapokaa. Mshindani wake akamsogelea akawa anamwonyesha kwa mkono namna ya kuinua kiwiko, na hawa wanagombea nafasi moja! Akarudi, akarusha mbali kuliko mwanzo, yule mwenzie akaruka kwa furaha kama ni yeye. Nilijikuta machozi yananilenga, binti ananiuliza mama vipi, nikamwambia tazama tu.

Upande wa wanaume alishinda Sander Skotheim wa Norwei kwa pointi 8909. Huyu kijana mwaka mmoja nyuma, Olimpiki ya Paris, alishindwa kuvuka hata kimo kimoja kwenye upondo, yani sifuri, medali ikaishia hapo. Angeweza kuvua viatu akaenda zake, lakini alibaki akakimbia 1500 akimvutia kasi Mnorwei mwenzie Markus Rooth, na Rooth akachukua dhahabu. Kwa hiyo ulipofika upondo Götzis mimi roho ilikua juu, nimeshika nguo ya mtoto. Akavuka. Pale kwenye majani palilipuka.

Alafu Anna Hall wa Marekani kwenye mita 800. Watu wote walikua wameshajua kuna kitu kikubwa kinakuja mana pointi zake zilikua zimekaa vizuri, kilichobaki ni yeye na saa. Alikaa mbele, uwanja mzima umesimama unapiga makofi kwa mpigo mmoja, akamaliza kwa 2:01.23 na jumla ikasoma 7032. Hizo ni pointi zile zile za Carolina Klüft wa Uswidi aliyezipata mashindano ya dunia ya Osaka 2007, na juu yao yuko Jackie Joyner-Kersee peke yake na 7291 zake za Olimpiki ya Seoul 1988. Nilikua pale, nimeona kwa macho yangu.

Na sio bahati ya mwaka mmoja, ule uwanja una historia. Roman Šebrle wa Cheki alipata 9026 kwenye dekathloni hapo hapo mwaka 2001, binadamu wa kwanza kuvuka 9000. Nafissatou Thiam wa Ubelgiji alipata 7013 kwenye heptathloni pale mwaka 2017. Damian Warner wa Kanada ameshinda mara 8, na 2021 aliruka chini mita 8.28 ndani ya dekathloni, ruka ambayo wanaofanya mchezo huo mmoja tu wangeipokea kwa mikono miwili. Lakini mimi ninayoipenda ni ya Margaret Simpson wa Ghana, aliweka rekodi ya Afrika pale mwaka 2005, pointi 6423, na mwaka huo huo akaleta shaba ya dunia kutoka Helsinki. Nilimsimulia mwanangu hii habari usiku tukiwa tumelala, akaniuliza kwa nini hatukufundishwa. Swali zuri kabisa.

Mambo ya kujiandaa. Malazi tafuteni mapema sana, mimi nilichelewa, nikapata nyumba ya wageni mji wa jirani, tumefika usiku na mizigo tunaambiwa chumba kapewa mtu mwingine, ikabidi tuhangaike mpaka karibu saa sita. Siku nyingine nitalala kwangu na kwenda na kurudi kwa treni. Bebeni kofia, maji na kitu cha kukalia, mana ni kutwa mbili nzima na kwenye majani kivuli hakuna. Na msiondoke kabla ya mbio za mwisho hata kama mtoto kachoka, mana wakimaliza 1500 wanaanguka wote chini pale pale kwenye mstari, wa kwanza na wa mwisho, wanalala kama samaki waliotolewa majini, alafu wanainuana mmoja mmoja wanashikana mikono na kuzunguka uwanja pamoja. Baadae wanakuja mpaka kwenye uzio kusaini kofia za watoto bila haraka.

Binti alisainiwa na wanne, kofia haifuliwi mpaka leo. Jumatatu yake alimfuata mwalimu wa michezo kuuliza klabu iko wapi, sa hizi anaenda Jumanne na Ijumaa, kisahani bado kinamponyoka kabla ya muda wake ila viunzi kavishika. Jumamosi ijayo ana mashindano ya kwanza, michezo minne, na yote kaandikishwa.