TAHADHARI: RAM zilizobandikwa stika upya zinauzwa Kampala kama mpya

Ndugu zangu mnaojiunganishia kompyuta nyumbani, hasa ninyi wa Busia, Malaba na Tororo mnaopanda basi kwenda Kampala kufuata vipuri, someni hii kabla hamjatoa pesa.

Mwezi uliopita nilinunua RAM (vibao vya kumbukumbu ya kompyuta) mbili za aina ya DDR4, GB 8 kila moja, katika kiduka cha ghorofani kwenye akedi moja ya katikati ya mji. Stika inasema 3200, yaani kasi yake. Shilingi 270,000 kwa jozi, zimefungwa plastiki, muuzaji mchangamfu: "Ssebo, hizi ni mpya kabisa." Akazichomeka kwenye mashine yake, ikawaka, akanionyesha GB 16 kwenye skrini. Nikaridhika, nikalipa kwa simu. Jamani, mashine kuwaka na kuhesabu GB 16 si kipimo. RAM mbovu huwaka vizuri tu, balaa huanza programu inapofika kwenye ile sehemu iliyoharibika.

Nyumbani Windows iligoma kuingia mara mbili, ya tatu ikakubali. Kisha zikaanza skrini za buluu za Windows kuanguka: leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, keshokutwa jina jingine. Nikashuku umeme, maana kwetu hukatika na kurudi kwa kishindo. Nikaazima UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) kwa jirani, wapi! Nikashuku pawasaplai. Wiki nzima imekwenda hivyo, na waranti niliyopewa ilikuwa ya siku saba.

Kilichoniuma zaidi ni kazi za watu. Mimi huhariri video za harusi. Nilikuwa nimehamisha picha za harusi moja kutoka kwenye kadi, nikafuta kadi, na faili kumi na moja hazifunguki. RAM mbovu huharibu data kimyakimya wakati wa kunakili, wala haikuambii. Ukianza kuona skrini za buluu zinazobadilika majina, acha kunakili chochote cha maana hadi ujue tatizo ni nini.

Mwishowe nikaweka Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi. Ni ya bure, na inawaka yenyewe bila Windows. Nikazima XMP (mpangilio wa kuiongezea RAM kasi) kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, ili RAM ziende kwa kasi ya kawaida, nikapima moja moja katika tundu lile lile. Ya kwanza ilimaliza mizunguko minne bila kosa hata moja. Ya pili haikufika dakika kumi, mistari myekundu ikajaa skrini. Nikaihamishia matundu mengine, mistari myekundu ile ile. Nikarudisha ile nzima penye tundu la mwanzo, safi. Hapo ubao mama hauna lawama tena. Na msidanganywe kwamba makosa mawili matatu ni kawaida: RAM nzima inatakiwa itoe sifuri.

Nikaitazama ile mbovu kwa karibu chini ya taa. Ukingo wa stika ulikuwa umenyanyuka kidogo. Nikauvuta kwa ukucha, na chini yake kulikuwa na stika nyingine, kuukuu, imefifia, imeandikwa 2400. Meno ya dhahabu yana mikwaruzo mirefu ya kuchomekwa na kuchomolewa mara nyingi. Ndiyo maana CPU-Z, programu inayosoma maelezo ya vipuri, ilikuwa ikinionyesha moduli mbili tofauti, na zote zikienda kwa 2400: jozi huifuata ile ya polepole. Lakini msiitegemee CPU-Z peke yake, kwa sababu maelezo inayoyasoma yamo kwenye chipu ndogo ambayo mtu mwenye kifaa anaweza kuiandika upya.

Niliporudi dukani, mchangamfu wangu alibadilika. Kwanza "umeiunguza mwenyewe", kisha akanionyesha maandishi ya chini ya risiti kwamba mali ikiuzwa hairudi. Maandishi hayo yasiwatishe. Sheria ya Uganda ya mwaka 2017 kuhusu uuzaji wa bidhaa inataka kitu kilingane na kilivyoelezwa kinapouzwa. Kwa hiyo mwambieni aandike kwenye risiti kwa mkono wake: "mpya, DDR4, 3200". Yangu imeandikwa "RAM 2" basi, na hilo ndilo limeninyima nguvu ya kubishana.

Mkienda, bebeni flashi yenye Memtest mfukoni. Mwenye duka akikataa mzunguko mmoja upite mbele yenu, ondokeni, hata kama mvua inanyesha na basi la mwisho linapakia. Mkiwa mmeshanunua, pimeni usiku ule ule, iache ikeshe.

Nyingine nimenunua kwa fundi wa hapa hapa Busia, bei ikizidi ile ya Kampala kwa shilingi 40,000. Imekesha, makosa sifuri. Ile yenye stika mbili ninayo, na risiti ninayo. Kama umenunua jozi ya namna hii siku hizi, vuta ukingo wa stika leo, kabla siku zako saba hazijaisha.