Epo namba 4017 kwenye rafu ya oganiki

Duka lenyewe silitaji jina. Lipo huku Mikocheni, lina kiyoyozi, vikapu vya ukili na dada mmoja mcheshi anayekupokea kwa maji ya ndimu. Nimenunua hapo mara nne tangu mama mkwe aje kutoka Lushoto, maana mboga za gengeni kwetu Sinza hazitaki kabisa. Anasema zinamwagiliwa maji ambayo hata mbuzi angeyakataa.

Mboga zao ni nzuri, hilo siwanyimi. Mchicha unauzwa 1,500 kwa fungu, mara tatu ya gengeni, ila haujanyauka na hauna mchanga. Juu yake wamebandika karatasi ya kijani: “Oganiki 100%”, yaani umelimwa bila dawa wala mbolea za viwandani. Dada akanionyesha matundu kwenye majani. “Unaona dada'angu? Ungekuwa na dawa, mdudu asingegusa.”

Nikaupeleka kwa mama mkwe, ambaye amelima kabichi na karoti tangu mume wangu hajazaliwa. Akaligeuza fungu, akanusa mizizi, akachungulia yale matundu.

“Mwanangu, sisi dawa tunapuliza tukishaona matundu. Mdudu anaanza, bomba linafuata. Jani hili haliniambii kitu.”

Basi, kama yeye hawezi kujua kwa macho, mimi wa ofisini nitajuaje?

Mayai nayo wanayasifia kwa kiini cha njano. Kiini hufuata alichokula kuku: majani, mahindi ya njano, hata rangi iliyochanganywa kwenye chakula chake. Hayo nikayaacha. Chumvi pia imeandikwa oganiki, na bado najiuliza nani aliipulizia dawa bahari.

Kilichonikasirisha ni epo za kijani, 2,500 moja, rafu hiyohiyo. Kila moja ilikuwa na kistika kidogo chenye namba 4017. Hizo namba si za duka, zinatumika nchi nyingi kwa matunda yanayouzwa bila pakiti. 4017 ni epo ya Granny Smith kubwa, iliyolimwa kwa njia ya kawaida. Ya oganiki huongezewa 9 mbele, inakuwa 94017. Nikamwonyesha dada, akasema hiyo ni ya kompyuta ya bei tu. Ni kweli mfumo huo ni wa hiari, kwa hiyo nikaomba uthibitisho mwingine wowote. Akaitwa mwenye duka. Akatoa simu, akanionyesha picha ya shamba zuri sana lenye ukungu, akaniambia, “Wakulima wetu tunawaamini.” Shamba la mchicha, Mgeta. Mimi niliuliza epo.

Mteja aliyekuwa nyuma yangu akaingilia kuwatetea, eti asali yao ina nembo ya TBS. Sawa, lakini TBS inakuhakikishia ubora wa bidhaa kwa viwango vyake. Haikuambii kama mkulima alitumia samadi au mbolea ya chumvichumvi.

Ajabu ni kwamba kitu kimoja humo ndani kilikuwa na nembo ya oganiki yenyewe, nacho kimewekwa rafu ya chini kabisa karibu na mifagio: pakiti ya tangawizi ya unga yenye alama ya Kilimohai. Alama hiyo inasimama juu ya kiwango cha kilimo hai cha Afrika Mashariki kilichopitishwa mwaka 2007. Mkulima huipata kwa kukaguliwa na shirika la uthibitishaji, au kupitia kikundi ambacho wakulima wenyewe wanakaguana mashamba na kuweka kumbukumbu. Ukaguzi wa jirani kwa jirani una udhaifu wake, najua, lakini walau kuna mtu aliyeingia shambani na kuna jina la kikundi la kuuliza. Karatasi ya kijani ilichapwa hapohapo kaunta, mashine niliiona.

Usafi na ukarimu nawapa nyota nne. Kwa neno “oganiki” nawapa moja, tena kwa sababu ya ile tangawizi. Mchicha nitaendelea kununua kwa kuwa ni mbichi, na nitalipa nikijua nalipia ubichi.

Epo tulizila zote na mama mkwe. Zilikuwa na ukali wake na utamu wake, kama 4017 yoyote ile ya barabarani kwa elfu moja.