Uzoefu wangu: Tulivyoandaliwa JKCI kabla ya mwanangu kufanyiwa upasuaji wa moyo

Tangu mwanangu atoke hospitali, wazazi wenzangu wananipigia kuuliza kuhusu upasuaji: daktari alikuwa nani, ulichukua saa ngapi, ulitugharimu kiasi gani. Mimi napenda kuzungumzia yale yaliyotangulia, yaani namna sisi wa nyumbani tulivyoandaliwa. Kwa maoni yangu hiyo nayo ni tiba, na haisemwi vya kutosha.

Tunaishi Morogoro. Mtoto alizaliwa na tundu kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo. Damu inayotakiwa kwenda mwilini inapita kwenye tundu na kurudi kwenye mapafu, mapafu yanazidiwa. Ndiyo maana alikuwa akinyonya jasho linamtiririka kichwani, anaachia titi apumue, anaanza tena. Uzito haukupanda na kikohozi hakikuisha. Kituo kimoja cha afya kilimtibu nimonia, wakarudia tena na tena, bila mtu kumsikiliza kifua kwa makini. Hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu tundu kubwa likiachwa muda mrefu mishipa ya mapafu inakakamaa, na ikifika hapo upasuaji hauwezekani tena. Daktari mmoja wa watoto ndiye aliyesikia sauti isiyo ya kawaida akatuandikia rufaa kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), pale Muhimbili, Dar es Salaam. Kipimo cha eko, yaani ultrasound ya moyo, kikathibitisha.

Wazee wetu wanakumbuka enzi ambazo ugonjwa kama huu ulimaanisha kusubiri safari ya India. Upasuaji wa moyo wa kufungua kifua ulianza Muhimbili mwaka 2008, na JKCI ikawa taasisi inayojitegemea mwaka 2015. Kwetu maana yake ilikuwa hivi: mama mkwe, shangazi na baba wa mtoto waliweza wote kufika, kuuliza maswali kwa Kiswahili na kujibiwa kwa Kiswahili.

Na tuliuliza. Sista aliyekaa na sisi alichukua karatasi akachora moyo kwa kalamu, vyumba vinne, akaonyesha tundu lilipo. Akaeleza kwamba moyo utasimamishwa kwa muda, mashine itafanya kazi ya moyo na mapafu, daktari atashona kiraka, kisha moyo utarudishwa kwenye kazi yake. Mume wangu alinyamaza kwa muda, halafu akauliza, "Sista, na usiporudi?" Hakumkatisha wala hakumdanganya. Alimwambia hatari ipo, akamweleza wanachofanya moyo ukichelewa kuamka, na akamwambia swali lile aliulize tena kwa daktari mpasuaji kabla ya kusaini fomu ya ridhaa. Mume wangu akaliuliza kweli. Nilimwona siku ile akilala usingizi kwa mara ya kwanza tangu tupewe tarehe.

Jambo ambalo sikulitegemea ni meno. Kabla ya upasuaji mtoto alipelekwa kwa daktari wa kinywa, akakutwa na jino bovu, likang'olewa. Mama mkwe alishangaa, jino na moyo wapi na wapi? Tukaelezwa kwamba bakteria wa kwenye jino lililooza wanaweza kuingia kwenye damu na kwenda kukaa kwenye moyo, hasa pale palipo na kasoro au kiraka. Tangu siku hiyo mswaki asubuhi na usiku kwetu ni sheria. Tuliambiwa pia tumwepushe na mikusanyiko, na akipata mafua au homa tupige simu kabla ya kufunga safari, kwa sababu mapafu yenye maambukizi hayahimili vizuri upasuaji mkubwa namna hii. Harusi ya binamu yangu tuliikosa kwa sababu hiyo, na ndugu walielewa.

Damu ilikuwa shughuli ya ukoo. Tuliombwa tuhamasishe ndugu wachangie, na kundi letu la WhatsApp lililokuwa la misiba na harusi likageuka la kupanga nani anakwenda lini. Michango ya fedha nayo ilipita humo humo. Bima ilibeba sehemu, lakini mwenye kujiandaa asihesabu hospitali peke yake. Ahesabu nauli, chakula cha wanaosubiri, na malazi. Gesti moja tuliyofikia mwanzo ilikuwa na maji ya shida, vitanda vichafu, na bei ilipanda mara waliposikia tumeleta mgonjwa. Kwa mtoto anayetakiwa kuingia chumba cha upasuaji bila maambukizi, mahali kama pale hapafai. Tukahamia kwa ndugu Magomeni, tukabanana, lakini pasafi.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe ndio uliokuwa mgumu. Tulielekezwa chakula na maziwa ya kopo mwisho masaa sita kabla ya dawa ya usingizi, maji meupe mwisho masaa mawili kabla. Mtoto wa miaka mitatu haelewi hayo. Aliamka alfajiri akitaka uji, akanishika kidevu akageuza uso wangu umtazame, akasema, "Mama, uji." Sista alikuwa ametushauri mapema kwamba mtoto asione mtu anakula karibu yake, na apewe maji kidogo kidogo muda unaoruhusiwa ukiwa bado upo. Nilifuata hivyo. Nilimwambia pia ukweli kwa lugha yake: daktari atakulaza, ataziba tundu, ukiamka mama yupo. Alirudia maneno hayo mwenyewe akiwa kwenye kitanda cha magurudumu.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni kuelezwa mapema nitakachokiona ICU, chumba cha uangalizi maalumu. Bomba la kupumulia mdomoni. Mirija kifuani inayotoa damu na majimaji kwenda kwenye chupa. Mpira wa mkojo. Nyaya nyembamba zinazotoka kifuani, za kusaidia mapigo yakilegea. Uso kuvimba. Mashine zinazolia, na si kila mlio ni hatari. "Mama, utamkuta si yule uliyemwacha," sista aliniambia, "lakini masikio yake yanafanya kazi, mwimbie." Nilipoingia nilivijua vyote kwa majina. Kwanza nilitazama ile chupa, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa wauguzi huangalia kiasi na rangi ya kinachotoka. Kisha nikamshika mguu, sehemu pekee isiyokuwa na kitu, nikamwimbia. Mama mwingine niliyekutana naye nje, ambaye mtoto wake alitibiwa kwingine miaka ya nyuma, aliniambia yeye aliingia bila kuelezwa lolote akaanguka mlangoni. Sioni sababu ya mzazi yeyote kupitishwa kwenye hali hiyo.

Maelekezo ya kurudi nyumbani tulipewa sote pamoja, na nashukuru mama mkwe alikuwepo. Mfupa wa kifua ukikatwa unahitaji kama wiki sita kuunga. Kwa muda huo mtoto hanyanyuliwi kwa kushikwa makwapani, wala habebwi mgongoni kwa kitenge, maana kifua kinabanwa. Anabebwa kwa mkono mmoja chini ya makalio na mwingine nyuma ya mgongo. Sista alimfanya bibi ajaribu mbele yetu mpaka akapata. Bibi huyo huyo ndiye aliyekuwa akiwakemea majirani Morogoro waliokuja kutupa pole na kumnyanyua.

Kwa mzazi aliyeko mikoani na ana mtoto anayetoka jasho akinyonya, asiyeongezeka uzito, mwenye kikohozi kisichoisha: omba kifua kisikilizwe, na uulize lini madaktari wa moyo wanakuja mkoani kwako kwa tiba mkoba, JKCI wanafanya huduma hiyo. Ukishapewa tarehe ya upasuaji, nenda na yule atakayekusaidia kumlea mtoto nyumbani, hata kama ni bibi mwenye miguu mibovu, naye asikie kwa masikio yake. Eko ya mwisho ya mwanangu ilionyesha kiraka hakivuji. Dawa ya kupunguza maji imesimamishwa, kliniki tunaendelea nayo, na sasa tunasafiri kwa treni ya SGR, inamtikisa kidogo kuliko basi.